Jicho la Mamake Chemutai

Kuna harufu moja ambayo hadi leo hunifanya niinamishe macho, hata nikiwa peke yangu. Ni harufu ya raba inayosuguliwa kwenye karatasi kwa nguvu na kwa muda mrefu, mpaka karatasi yenyewe inapata joto. Kazi yangu ni kuchora picha za vitabu vya watoto, kwa hivyo harufu hiyo hunipata karibu kila siku, na mtu angedhani nimeshaizoea. Bado. Ikinifikia tu, narudi kwenye darasa moja la shule ya msingi pale Kitale, Alhamisi moja jioni, madirisha yakiwa wazi na mahindi ya shamba la shule yakiwa yameanza kutoa ndevu, na msichana anayeitwa Chemutai ameinama kwenye dawati, anafuta.

Sijawahi kulieleza jambo hili lote kwa mara moja. Nyumbani wanajua nusu yake, ile nusu inayonipendeza. Nyinyi hamnijui, na hilo linanirahisishia kidogo.

Tuliishi Kibomet, mtaa mmoja wa Kitale, na baba yangu alikuwa mchora mabango. Kama ulipita mjini Kitale miaka hiyo ukaona kuku mnene amechorwa kwenye ukuta wa hoteli, au kichwa cha mwanamke aliyesukwa nywele mlangoni pa saluni, basi huenda uliiona kazi ya baba. Wanawake wake wote walifanana: macho makubwa mawili yaliyolingana kama vifungo vya shati, pua nyembamba, midomo myekundu. Mama alikuwa akimtania kwamba hao wote ni dada, na kwamba angependa siku moja kukutana na mama yao. Nyumba yetu ilinuka rangi ya mafuta na tapentaini. Hata ugali wetu, nikikumbuka vizuri, ulikuwa na tapentaini kidogo.

Kwa hivyo nilikua nikijua mimi ni nani. Nilikuwa Naliaka, binti wa msanii. Darasani watoto waliniletea madaftari yao ya sayansi niwachoree moyo wa binadamu na sehemu za panzi, nami nikachora panzi wengi sana, kiasi kwamba hata leo naweza kumchora nikiwa nimefumba macho. Kufikia darasa la sita sikuwa na shaka kwamba hapakuwa na mtoto Kitale nzima aliyenishinda kuchora. Sikujivuna kwa maneno. Nilitembea tu kama mtu anayejua.

Mwaka huo ndipo Mwalimu Nasimiyu alipoanzisha klabu ya kuchora. Alikuwa mama mrefu kutoka Tongaren, alitufundisha somo la jamii, na hakuna aliyemtuma kufanya hivyo, maana kuchora hakukuwa kwenye mtihani. Tulikuwa watoto tisa hivi. Tulichora kwenye karatasi za manila zilizokatwa vipande vinne, na wengi hawakuwa na raba. Walifuta kwa kipande cha slipa ya mpira iliyokatika, ambacho badala ya kufuta kilisambaza wingu jeusi kote. Mimi nilikuwa na raba ya baba, nyeupe, laini, ambayo ilifuta mpaka usijue kama paliwahi kuwa na mstari.

Kila Ijumaa tulibandika michoro yetu ukutani kwa ugali uliolainishwa na maji. Jumatatu tulikuta panya wamekula pembe. Shughuli hiyo tuliiita Ukuta. "Leo nani anaenda Ukuta?" tuliulizana kwa minong'ono, kwa sababu Ukuta ulikuwa na sheria. Mchoro ukishabandikwa, mwenye mchoro alifunga mdomo. Wenzake walisema kwanza walichokiona. Kisha kila mmoja alisema jambo moja tu ambalo lingemsaidia mchoraji. Mwenyewe hakuruhusiwa kujitetea wala kueleza. Mwishoni alisema asanteni na kukaa.

"Angaria kwanza, ndio useme," Mwalimu Nasimiyu alituambia. Alisema *angaria*, kama watu wengi wa kwao, nasi tulimwigiza tukiwa njiani kwenda nyumbani mpaka tukakosa pumzi kwa kucheka. Lakini tulipokuwa Ukutani hatukucheka. Mtoto akisema tu "ni nzuri," mwalimu alimrudisha: "Nzuri wapi? Onyesha na kidole." Na mtoto akisema "ni mbaya," aliambiwa aende akasimame mlangoni afikirie upya.

Nilipenda Ukuta. Mnajua kwa nini. Walipofika kwenye mchoro wangu, wenzangu walitafuta cha kunisaidia wakakosa. Siku moja kijana mmoja wa darasa la tano alifikiri sana, halafu akasema, "Naliaka angeandika jina lake kubwa kidogo."

Chemutai alikuja muhula wa pili. Alitoka Cheptais, kule juu mlimani, na alikuwa amevaa sweta nzito iliyofika magotini. Alikuwa ameletwa kuishi na mama yake mdogo, ambaye watu wa Kibomet walimjua kama Mama Kiptoo, muuza maziwa. Alizungumza kwa sauti ya chini hivi kwamba ulilazimika kumsogelea, na ukimsogelea alirudi nyuma, kwa hivyo mazungumzo naye yaliweza kuanzia mlangoni yakaishia dirishani.

Alipoleta mchoro wake wa kwanza Ukutani, ulikuwa wa mikono miwili ikichambua maharagwe kwenye ungo. Mikono tu. Tulisogea karibu. Halafu kijana yule wa darasa la tano akasema, "Mimi naona kidole hii inauma." Na kweli, ukiangalia, kidole cha kati cha mkono wa kulia kilikuwa kimekunjwa namna ambayo ulijua tu kinauma.

Jioni hiyo baba alipitia shuleni ili nimsaidie kubeba makopo ya rangi. Alizoea kuingia darasani, kuutazama mchoro wangu na kusema, "Safi, binti yangu." Siku hiyo alisema safi, halafu akasogea hadi kwenye ile mikono. Alivua kofia. Alisimama pale mpaka makopo yakaanza kunikata vidole. Tulipokuwa njiani, tukiwa tumeshafika kwa kinu cha kusaga, aliuliza, "Yule mtoto wa mikono anaitwa nani?"

"Chemutai."

"Mm," akasema baba. Ni hilo tu. Miaka yote aliyonisifu hakuwahi kusema "mm" ya namna ile kwa ajili yangu.

Ingekuwa rahisi kuwaambia kwamba tangu hapo nilimchukia. Ukweli ni kwamba nilimpenda. Njia yetu ya kurudi nyumbani ilikuwa moja, na polepole aliacha kurudi nyuma nikimsogelea. Nilimwonyesha nyumba zenye mbwa na zenye mapera. Alinifundisha kuchora kwa kuanza na kivuli badala ya mstari. Na siku moja, tukiwa tumekaa kwenye gogo karibu na kisima cha kanisa, aliniambia kuhusu mama yake.

Mama yake alikuwa amekufa miaka mitatu kabla, kwa ugonjwa. Hakuacha picha. Picha pekee aliyowahi kupigwa ilikuwa ile ya kitambulisho, na kitambulisho kilirudishwa ofisini familia ilipokwenda kuandikisha kifo. Kwa hivyo sura ya mama yake ilikuwa imebaki kichwani mwake na vichwani mwa ndugu, basi.

"Jicho yake ya kushoto ilikuwa inalala kidogo," alisema, akashusha kope lake kwa kidole kunionyesha. "Tangu akiwa mtoto. Watu wakimwongelesha alikuwa anainamisha kichwa hivi, ndio aone vizuri. Mimi nilikuwa nafikiria ananisikiza kwa jicho."

Alisema atamchora. Hakutaka Mama Kiptoo ajue mpaka mchoro uishe.

Mwalimu Nasimiyu alituletea habari wiki hiyo hiyo: kungekuwa na maonyesho ya michoro ya watoto wa shule, Jumamosi, mjini Bungoma. Kila shule ilete michoro miwili. Mshindi angepewa sanduku la rangi za maji, na mchoro wake ungebaki umetundikwa ukumbini. Hakuhitaji kutuambia ni michoro ya nani. Watoto wote waligeuka wakanitazama mimi, halafu wakamtazama Chemutai, na ile "halafu" ilikuwa fupi mno.

Mimi nilichora soko la Kitale: wanawake, mafungu ya nyanya, mwavuli, punda. Kulikuwa na kila kitu. Chemutai alimchora mama yake, kuanzia mabegani kwenda juu, na wiki moja kabla ya maonyesho tulipeleka yote miwili Ukutani.

Sijui niwaelezeje mchoro ule. Ulikuwa wa penseli tupu. Kitambaa cha kichwa hakikuwa kimemalizwa. Lakini kile kichwa kilikuwa kimeinama upande, na lile jicho la kushoto, lenye kope lililolegea, lilikuwa limekuelekea wewe, likingoja umalize ulichokuwa ukisema. Nakumbuka nilishikwa na haya, kana kwamba nimefumaniwa. Nikageuka kuutazama mchoro wangu wa soko, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba wanawake wangu wote walikuwa dada.

Wenzetu walisema waliyoyaona. Zamu yangu ikafika.

"Jicho moja haijakaa sawa," nikasema.

Mwalimu Nasimiyu alinitazama. "Haijakaa sawa, ama haijakaa kama ile nyingine?"

"Haijakaa kama ile nyingine."

"Hayo ni maneno mawiri tofauti, Naliaka." Akamruhusu mwingine aendelee. Chemutai, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa umefungwa na sheria, alisema asanteni akakaa.

Mambo yangeishia hapo kama ningekuwa nimekosea tu. Lakini sikuwa nimekosea. Nilijua kabisa jicho lile lilikuwa la nani na kwa nini lilikuwa vile. Na kwa siku sita nililibeba kichwani kama mtu aliyemeza mfupa. Alhamisi jioni tulipobaki darasani, sisi wawili, kumalizia kazi, niliketi karibu na Chemutai na kumwekea mkono begani.

"Unajua mimi ni rafiki yako," nikaanza.

Akaitikia kwa kichwa.

"Kule Bungoma kutakuwa na majaji. Hawamjui mamako. Wataona tu jicho imepinda, waseme huyu mtoto hajui kuchora. Ama wamcheke yeye."

Aliacha kuchora. "Wamcheke mama?"

"Si watu wanacheka? Baba huniambia macho ya mtu lazima yalingane. Hiyo ndio kitu ya kwanza." Baba hakuwahi kuniambia hivyo. "Mimi nakusaidia tu."

Alitazama mchoro kwa muda mrefu. Akatoa kipande chake cha slipa mfukoni. Na hapa ndipo pananiuma kuliko mahali pengine pote, kwa sababu slipa ile ingeacha alama. Mstari wa zamani ungebaki chini ya wingu, na mtu angeweza kuufuata akaurudisha. Nilimshika mkono.

"Hiyo itachafua," nikamwambia. "Tumia yangu."

Nikampa raba ya baba.

Alifuta taratibu, huku akipuliza makombo. Akachora jicho jipya. Halikumridhisha, akafuta. Akachora tena. Karatasi ikapata joto na ile harufu ikapanda kati yetu. Mara ya sita au ya saba macho yalilingana. Yalikuwa mazuri sana. Yangefaa saluni yoyote Kitale.

"Sasa iko sawa?" akaniuliza.

"Sasa iko sawa," nikasema. Na moyo wangu, sitawadanganya, ulikuwa mwepesi. Nilikwenda nyumbani nikiimba.

Kesho yake Mwalimu Nasimiyu alipokuja kufunga michoro kwa gazeti, alisimama ghafla. "Nani amekwambia uguse hii jicho?"

Chemutai hakunitazama. "Ni mimi tu, mwalimu."

Mwalimu alitutazama mmoja baada ya mwingine, akamaliza kufunga. Alifunga kamba mafundo mengi kuliko yaliyohitajika.

Jumamosi tulipelekwa Bungoma kwa lori ya shule, sisi pamoja na kwaya iliyokuwa ikienda kuimba. Ukumbi ulikuwa na michoro kuta zote nne. Majaji walikuwa watatu, na mmoja wao, mama mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi, alisimama mbele ya mchoro wa Chemutai. Alisogea, akarudi nyuma. "Mkono wa huyu mtoto ni mzuri sana," akamwambia mwenzake. "Lakini huyu mtu, ni kama hayuko." Akapita.

Mimi nikawa wa pili. Waliniita jukwaani, watu wakapiga makofi, nikapewa cheti chenye jina langu limeandikwa kwa wino wa buluu. Chemutai alipiga makofi kuliko wote. Alisimama kabisa.

Saa sita hivi Mama Kiptoo akafika. Alikuwa ameacha kazi ya maziwa siku hiyo, akavaa nguo za kanisani na viatu vilivyomfinya. Chemutai alikuwa amemwambia jambo moja tu: ukutani kuna mtu unayemjua, umtafute mwenyewe. Kwa hivyo akaanza kutembea kando ya ukuta, akitabasamu, akiangalia mchoro mmoja hadi mwingine. Chemutai alinishika mkono, vidole vyake vikiwa baridi. Mama Kiptoo alilifikia soko langu, akacheka kwa sababu ya punda. Akafika kwenye mchoro wa dada yake.

Akaupita.

Alikwenda mpaka mwisho wa ukuta, akageuka, akatuashiria kwa mikono kwamba hajaona. Chemutai ilibidi amfuate, amshike kiganja, amrudishe. "Mama mdogo, ni huyu."

Mama Kiptoo alitazama. Nilimwona akijitahidi. "Aah," akasema kwa upole. "Ni mrembo." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Ni nani, mama?"

Mama Kiptoo alimtazama Chemutai, akautazama tena mchoro, kile kitambaa cha kichwa, kile kichwa kilichoinama bila sababu, na nikaona anaelewa. Akamvuta Chemutai kifuani na kusema maneno kwa lugha yao ambayo sikuyajua. Mimi nilisimama hapo nimeshika cheti changu, nikijaribu kukiweka mahali kisionekane.

Tulirudi na lori. Kwaya iliimba njia nzima. Chemutai alikaa pembeni yangu na penseli, na nyuma ya karatasi ya ratiba alichora jicho. Kisha jicho lingine. Karatasi ilijaa macho, na lori iliporuka kwenye mashimo macho yakapata mikia. Tulipokaribia mji akaniinamia sikioni.

"Naliaka. Wewe uliiona. Ilikuwa inaangalia chini, ama inaangalia mtu?"

Nililikumbuka. Nililikumbuka kila mstari, kwa sababu hakuna kitu nilichowahi kukitazama kwa wivu kama kile. Ilikuwa inaangalia mtu. Kope lilikuwa na mikunjo miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, na mfupi ulikuwa juu. Ningeweza kuchukua penseli ile mkononi mwake na kuonyesha. Lakini kama ningekiri kwamba nakumbuka jinsi lilivyokuwa, ningelazimika pia kukiri kwamba lilikuwa sawa.

"Sikumbuki," nikasema.

Alikunja karatasi. "Hata mimi," akasema. "Kila nikijaribu, inakuja ile mpya."

Nyumbani baba alikipigilia cheti changu ukutani kwa misumari minne. Alifurahi, akachinja kuku. Tulipokuwa tunakula akauliza, "Na yule mtoto wa mikono, alikuwa wa kwanza?"

"Hakupata kitu."

Baba aliacha kutafuna. "Majaji gani hao?" akasema, akakasirika kwa niaba ya Chemutai jioni nzima. Nami nikaacha majaji wabebe lawama.

Chemutai hakurudi klabu. Hakugombana na mtu, hakununa. Alisema tu kwamba jioni anamsaidia mama mdogo kuosha mitungi ya maziwa. Tuliendelea kwenda nyumbani pamoja, lakini sasa mimi ndiye niliyekuwa nikirudi nyuma. Mwaka uliofuata nyanya yake aliugua, Chemutai akarudishwa Cheptais, na hatukuandikiana.

Nilimwona tena miaka mitatu iliyopita. Nilikuwa nimekwenda Bungoma kwa shughuli za kazi, na rafiki akanielekeza kwa fundi wa nguo aliyesifiwa mji mzima. Nilipoingia, mwanamke mmoja alikuwa ameinamia meza, anachora kola kwa chaki kwenye kitambaa. Alianza na upande wa kivuli. Nilitambua mkono kabla ya kuona uso.

"Chemutai?"

Akainua kichwa, akanikazia macho. "Naliaka wa Kibomet! Ati ni wewe?" Akacheka, akanikumbatia na chaki zake zote. Aliwaita wasichana wawili waliokuwa kwenye cherehani. "Huyu ndiye nawaambianga. Si nawaambia pande mbili lazima zilingane? Ni huyu alinifundisha tukiwa wadogo. Kola zangu hazipindangi kwa sababu ya huyu."

Wasichana wakanisalimu kwa heshima, wakainama kidogo. Chemutai akachukua utepe akaanza kunipima mabega, akinisimulia watoto wake, kanisa lake, jinsi alivyoona vitabu vyenye picha zangu na kuwaonyesha majirani. Aliponizungushia utepe kiunoni sikuweza kuvumilia tena.

"Lile jicho lilikuwa sawa," nikasema.

"Jicho gani?"

"La mamako. Nilijua lilikuwa sawa. Nilikuambia ulifute kwa sababu mimi nisingeweza kuchora kitu kama kile."

Utepe ulisimama. Cherehani moja ilinyamaza, kisha ya pili. Aliwaambia wasichana waende wakanunue uzi, wakatoka.

"Na kwa lori?" akauliza. "Nilikuuliza kwa lori."

"Nilikumbuka."

"Mpaka saa hii unakumbuka?"

"Nakumbuka."

Aliketi kwenye kiti cha cherehani, mikono kwenye mapaja. Nilisema yale ambayo nadhani kila mtu husema. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Chemutai."

"Hata mimi," akasema.

Hakupaza sauti. Nikamwambia kwamba naweza kumchorea. Kwamba nimelihifadhi kichwani miaka hii yote, kope, mikunjo, lilivyokuwa linaangalia. Nitachora, nimletee, na yeye atanielekeza.

"Hapana."

"Nitachora tu vile nakumbuka. Wewe utaniambia..."

"Naliaka." Alinitazama, na kichwa chake kilikuwa kimeinama upande, sijui kama anajua huwa anafanya hivyo. "Ukikosea, mimi sitajua."

Alisimama akamaliza kunipima. Akaandika vipimo kwenye daftari, mwandiko wake ni mzuri. Aliniambia nguo itakuwa tayari Jumanne. Nilipoirudia Jumanne nilikabidhiwa na msichana wa kazi. Fundi mwenyewe, aliniambia, amekwenda Cheptais. Nguo ilinikaa vizuri kabisa.

Nikiwa mtoto nilidhani kosa langu lilikuwa kumnyima Chemutai ushindi, na kwa hilo nilijisamehe mapema, maana hata mimi sikushinda. Ilichukua miaka mingi kuelewa kwamba yeye hakuwa mashindanoni. Alikuwa amebandika ukutani kitu kilichokuwa karibu kumpotea, akatuomba tumsaidie kukishika, na mimi nilikuwa na kila alichohitaji: macho ya kuona, mkono wa kuchora, na imani yake. Sikumwambia neno moja baya. Sheria zote za Mwalimu Nasimiyu nilizifuata. Nilisema nilichokiona, nikataja jambo moja tu, nikaonyesha kwa kidole.

Siku hizi tuna kikundi chetu cha wachoraji hapa Kitale. Tunakutana Jumamosi, tunapanga kazi zetu mezani, na kila mmoja anasema. Vijana wananiita mwalimu, wanangoja maneno yangu, wengine huyaandika kabisa. Nachelewa kusema, nao hudhani ni busara. Sivyo. Mara kwa mara mchoro ulioko mbele yangu huwa bora kuliko wangu, nami nikiwa nimeuinamia hivyo, namsikia yule msichana wa miaka kumi na miwili ndani yangu, ameshapata cha kusema, tena kwa sauti ya upole.